MJOMBA, USIUZE MSITU: MAJI YAKE NAYANYWA KIMARA!

Msomaji wangu, wiki hii sina habari za mapenzi wala mitindo. Wale mnaonisoma kwa ajili ya ugomvi wa kifamilia msikasirike, maana ugomvi umo humu humu. Safari hii tu tumegombea maji.

Nianze na dumu. Oktoba 2022, mtaani kwetu Kimara, bomba lilikohoa mara mbili, likatoa upepo, likanyamaza. Mto Ruvu ulikuwa umepungua vibaya na jiji la Dar es Salaam likaingia kwenye mgao. Watu wa mikokoteni wakawa ndio mabosi, bei ya dumu wanapanga wao na ukilalamika wanakuruka wanaenda kwa jirani. Sisi tunaoishi karibu na matangi makubwa ya Kimara tulikuwa tunayaangalia kama mwenye njaa anavyoangalia hoteli kupitia dirishani.

Alfajiri moja nimepanga foleni na ndoo zangu mbili, mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Hivi haya maji huwa yanatoka wapi?" Mwingine akamjibu, "Mlandizi." Foleni nzima ikakubali. Na mimi nikakubali, nikanyamaza zangu. Ndicho kinachonitia aibu mpaka leo.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa Kiluguru. Mama yangu kazaliwa milimani juu ya Matombo, na ukoo wetu una kipande cha msitu chenye chemchemi. Maji ya chemchemi ile yanaingia kijitoni, kijito kinaingia mtoni, na mto unaishia Ruvu. Mlandizi ni mahali pa kuchotea tu. Kusema maji yanatoka Mlandizi ni sawa na mtoto wa mjini anayesema maziwa yanatoka dukani.

SIMU YA SAA MBILI USIKU

Basi, Agosti 2024 mama akanipigia simu saa mbili usiku. Mama anakaa Morogoro mjini, na akipiga saa zile ujue ama kuna msiba ama kuna pesa.

"Mjomba wako kaitisha kikao," akaniambia. "Kuna mfanyabiashara wa mbao kapanda kule, anataka ile miti. Njoo mwanangu, peke yangu sitasikilizwa."

Kwa wasiotujua: sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama. Ardhi ya ukoo inapitia upande wa wanawake, lakini anayeisimamia na kusema mbele za watu ni mjomba, kaka wa mama. Watoto wa mjomba wao ni wa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo msitu ule unatunzwa na mjomba, ila watakaoupokea ni sisi watoto wa dada zake. Shikilia hapo hapo, tutarudi.

Nikapanda basi mpaka Morogoro. Kesho yake mimi na mama tukabanana kwenye gari dogo, tukapita Kiroka, tukapita Mkuyuni, magoti yamegusana na kuku wa watu, mpaka Matombo. Wenyeji wanasema jina hilo limetokana na majabali mawili yaliyosimama kama maziwa ya mama. Mimi zamani nilikuwa nacheka jina hilo. Siku hizi naona waliolitoa walijua wanachosema, maana jiji zima la Dar linanyonya kwenye milima ile.

Kutoka hapo ni bodaboda, halafu miguu. Viatu vyangu vya mjini nikavivua mwenyewe kabla havijanivua heshima.

EKARI NNE TU

Usidhani ni pori la kwenye sinema. Msitu wetu ni kama ekari nne tu, umekaa kwenye bonde dogo lenye mteremko, huku shamba la migomba na midalasini, kule shamba la jirani. Ndani kuna mikuyu mikubwa, mivule kadhaa, mikangazi, na chini yake giza la ubaridi hata saa sita mchana. Katikati, chini ya mkuyu, maji yanatoka kwenye jiwe. Hayana kelele. Yanatoka tu, Januari mpaka Desemba.

Marehemu bibi alikuwa na masharti yake pale. Hukati mti, unaokota kuni zilizoanguka. Huchoti na sufuria yenye masizi. Hufui pale, hugombani pale. Ukivunja, alisema, wenye chemchemi watakasirika na maji yataondoka. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nikajiona mjanja, nikasema bibi yangu mshirikina.

Kumbe bibi alikuwa anafundisha somo lile lile nililolikariri shuleni nikalisahau baada ya mtihani! Mvua ikipiga kwenye majani inapunguzwa nguvu. Ikifika chini inakuta majani yaliyooza, laini kama godoro, na udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu. Inazama taratibu, inakaa, halafu inatoka kidogo kidogo miezi ya kiangazi. Ukiondoa miti, mvua ile ile inapiga udongo mtupu, inaparaza, inashuka yote kwa siku moja na udongo wake. Masika mto unakuwa uji, kiangazi unakuwa mchanga. Na ile sufuria yenye masizi? Usafi huo, basi! Bibi hakuwa na neno bakteria, alikuwa na neno mzimu.

Juu kabisa ya milima kuna msitu wa serikali, uliotengwa tangu enzi za Mjerumani mwaka 1909. Tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, takriban hekta 24,000. Huko kuna walinzi na mabango. Lakini kati ya hifadhi ile na mto, mabonde na vilima ni vya watu, vya koo na familia, kipande huyu, kipande yule. Huko hakuna mlinzi. Kuna mjomba.

KIKAO

Tulikaa barazani, watu kumi na moja. Mjomba akaeleza. Mfanyabiashara kachagua miti tisa, mivule na mikangazi. Anatoa shilingi milioni nne na nusu, taslimu, kabla ya msumeno kuwaka.

Msomaji wangu, kabla hujamhukumu mjomba, msikilize. Mjomba si mlafi. Nyumba yake bati limetoboka, mvua ikinyesha wanahamisha kitanda. Kijana wake wa tatu kapata nafasi chuo cha ualimu, ada inatakiwa mwezi unaofuata. Bei ya mdalasini mwaka ule ilimpa hela ya sabuni. Na miti imesimama pale, kila mmoja ni noti.

Mimi nikaanza hotuba. Nikasema habari za mazingira, vizazi vijavyo, mabadiliko ya tabianchi, maneno yote ya redioni. Mjomba akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Mwanangu, kule Dar bili ya maji unalipa?"

"Nalipa, mjomba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Unamlipa nani?"

Nikamtajia wenye mabomba.

"Sawa. Wenye mabomba umewalipa, mwenye mkokoteni umemlipa. Na mimi niliyekaa na huu msitu miaka arobaini sijakata hata mpini wa jembe, wewe na wenzako mmewahi kunitumia shilingi ngapi?"

Baraza likanyamaza. Mama akaangalia chini. Mimi nikawa nachezea kamba ya mkoba.

WALIWAHI KULIPWA

Swali la mjomba si geni Uluguru. Mwingereza alishajaribu njia ya amri. Miaka ya 1950 alileta mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Watu wakafanyishwa kazi kwa nguvu, wakachoka, na mwaka 1955 vurugu zikalipuka huko huko Matombo. Mpango ukafa. Udongo wenyewe ulikuwa unahitaji kutunzwa kweli, ila mwenye udongo hakuulizwa.

Njia nyingine ilikuja miaka ya karibuni. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango Uluguru, vijiji vya Kibungo, ambako wanaotumia maji huku chini wangewalipa wakulima wa kule juu. DAWASCO, shirika la majisafi la Dar wakati ule, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zikakubali kuchangia. Mkulima aliyeweka matuta, akapanda miti na kuacha kulima ovyo kwenye mteremko, eneo lake lilipimwa na akalipwa kulingana nalo. Hazikuwa pesa za kujengea ghorofa. Lakini hebu fikiria, mtu wa mjini anamlipa mtu wa mlimani kwa sababu ya maji! Tatizo ni kwamba mradi una mwanzo na una mwisho, na kijana wa mjomba kazaliwa na ada yake haina mradi.

Nikamweleza mjomba na habari za New York. Akacheka: "Huko nako kuna Waluguru?" Hakuna, nikamwambia, ila kuna wajomba. Jiji lile lenye watu zaidi ya milioni nane linapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka milima ya Catskill na mabonde ya mto Delaware, na maji hayo hayapitishwi kwenye mtambo wa kuchuja. Miaka ya 1990 ilibidi wachague. Wajenge mtambo wa mabilioni ya dola, au waitunze milima. Mwaka 1997 wakasaini mapatano na watu wa kule juu. Ardhi nyingi huko ni ya familia, mashamba na misitu. Jiji likakubali kutoa fedha. Mwenye msitu anasaidiwa kuandika mpango wa kuutunza, mkulima anasaidiwa kuzuia samadi isiingie mtoni, na anayeahidi kwa maandishi kwamba ardhi yake haitajengwa kamwe, analipwa kwa ahadi hiyo. Hata kukata miti hawakukataza. Wanakata kwa mpango, na wakataji huazimwa madaraja ya kuhamishika ili magari yasipite ndani ya kijito.

Tena nchi nzima ya Marekani, familia na watu binafsi wanamiliki zaidi ya theluthi moja ya misitu yote, kuliko hata serikali yao kuu. Kwa hiyo kule nako maji ya watu yako mikononi mwa wajomba wenye ada za kulipa.

Mjomba akatikisa kichwa. "Wenzetu wamekaa mezani," akasema. "Hapa nani kaja kukaa mezani na mimi? Kaja mwenye msumeno."

NANI ANACHOTA?

Hapo ndipo mama mkubwa alipoingia. Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama, hajaondoka kijijini maisha yake yote, na hana muda wa New York.

"Hapa barazani," akauliza, "nani anachota maji?"

Wanaume wakatazamana.

"Nauliza tena. Kwa wale waliouza msitu wao kule ng'ambo ya kilima, mabinti wanachota wapi ikifika Septemba?"

Kila mtu alijua jibu. Wanakuja kuchota kwetu. Chemchemi yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Walifyeka, wakapanda mikaratusi, na kiangazi cha pili ikabaki alama ya unyevu kwenye jiwe.

"Basi," akasema mama mkubwa, "mkiuza hii, mtoto wa chuo akirudi likizo atakuta mama yake yuko wapi? Yuko njiani na ndoo."

Na mimi nikapata la kusema ambalo halikutoka redioni. "Mjomba, kwa mila yetu kijana wako ardhi yake iko kwa mama yake. Huu ni wangu na wa watoto wangu, ambao hata baba yao sijampata. Ukiuza, unauza cha kwangu ili umsomeshe wa kwako."

Mama akanifinya, nikajua nimevuka mpaka. Nikaomba radhi, nikapiga goti. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mjomba mwenyewe alijua lina ukweli.

TUKAPIMA KWA HATUA

Kesho yake asubuhi hasira zimepoa, tukaenda msituni wote, na tukamchukua mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Tukaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe, mjomba mbele, mimi nyuma nahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Miti saba kati ya tisa ilikuwa ndani. Miwili tu ilikuwa nje, pembeni kabisa. Na hiyo nayo huanguki nayo tu kwa sababu iko kwako, unaomba kibali.

Mfanyabiashara alipokuja mjomba akamwambia: miwili, na kwa kibali. Jamaa akatazama saa yake. "Mzee, nimepanda mlima wote huu kwa miti miwili?" Akawasha pikipiki. Ngawira ikashuka mlima tunaiona kwa macho.

Sasa ada? Tulirudi barazani, safari hii hakuna hotuba. Mama akaahidi kiasi chake, mjomba mdogo wa Kilosa akaahidi kwa simu, mama mkubwa akatoa mbuzi. Mimi nikaahidi elfu thelathini kila mwezi mpaka kijana amalize. Msomaji wangu, malipo ya mwandishi wa kujitegemea unayajua? Huyajui, na ni heri usiyajue. Elfu thelathini ni saluni, ni vocha, ni kile kiatu nilichokuwa nakizungukia Kariakoo tangu Pasaka. Nimekiacha. Nikaona kwamba hiyo ndiyo bili yangu ya maji ya pili, ila hii inafika kwa mwenye msitu.

Tukakubaliana jambo lingine. Ardhi ile iombewe hatimiliki ya kimila kwa jina la familia, si la mtu mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu, na Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua kwamba mtu au kikundi anaweza kuwa na msitu wake na kuusimamia. Maandishi hayazuii msumeno, lakini yanafanya atakayeuza ahitaji saini nyingi.

JIRANI KAUZA

Ningependa niishie hapo tukipiga vigelegele, ila nitakuwa nimekudanganya. Yule mfanyabiashara alishuka kilima cha kwetu akapanda cha jirani. Na jirani naye ana watoto. Januari 2025 mama mkubwa akanitumia sauti kwenye simu: kilima cha jirani kimebaki kipara, na mvua ilipopiga, kijito cha chini kilipita rangi ya chai ya maziwa.

Jioni ile nilifungua bomba hapa Kimara nikajaza glasi nikaiinua kwenye taa. Siwezi kudai kilichokuwemo ni udongo wa jirani, Ruvu ina vijito vingi. Ninachojua ni kwamba udongo ukizidi mtoni, mtambo unahitaji shabu zaidi na klorini zaidi, na gharama hiyo inakuja mjini. Mitambo ya Ruvu Juu, ya mwaka 1959, na Ruvu Chini, ya 1976, ilipanuliwa ikafikia uwezo wa lita milioni 466 kwa siku. Bwawa la Kidunda, ambalo ujenzi wake ulianza 2023, limepangiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Mambo makubwa hayo, na yanahitajika. Lakini mtambo hautengenezi mto, na udongo wa vilima ukiachwa ushuke utakwenda kukaa bwawani mahali pa maji.

Kwa hiyo ombi langu kwako wewe unayesoma gazeti hili umekaa mjini. Inawezekana kwenu nako kuna kipande, Usangi, Lushoto, Rungwe, Uluguru, popote. Kuna mjomba au baba mdogo anayekaa nacho, na kuna mtu atampandia mlima na pesa taslimu. Mpigie kabla huyo mtu hajafika. Usimpigie kumhubiria, nimejaribu, haifai. Muulize ada ya watoto imefikia wapi. Na wenye mabomba, kama mnasoma safu za akina sisi, rudini mezani na wajomba wa Uluguru, viti vipo.

Kijana wa mjomba yuko mwaka wa pili sasa. Juzi kanitumia ujumbe: "Dada, ada imepokelewa. Maji bado yanatoka." Viatu bado sina.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, turudi kwenye mapenzi.